Namba 2,147,483,647: Sifa Zake, Makundi Yake na Istilahi za Kuielezea kwa Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanaichambua namba nzima moja kubwa, 2,147,483,647, kwa njia mbili zinazokwenda pamoja. Kwanza yanaeleza makundi ya kihisabati ambamo namba hiyo imo: namba witiri, namba tasa, namba za Mersenne, na uhusiano wake na namba kamilifu. Pili yanachunguza istilahi na utaratibu wa kuitaja na kuiandika namba hiyo kwa Kiswahili katika nchi ambazo zimerithi mifumo tofauti ya kuhesabu. Hoja ya makala ni kwamba istilahi za msingi zipo na zinatosha kuieleza namba hii hadi undani wake, lakini utaratibu wa kutaja na kuandika namba kubwa haujasawazishwa, na pengo hilo lina madhara katika nyaraka za kikanda.

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa makala haya alialikwa kupitia tafsiri ya waraka wa fedha uliotoka katika Kifaransa kwenda katika Kiswahili. Katika ukurasa mmoja neno *milliard* lilikuwa limefasiriwa "bilioni", na katika ukurasa uliofuata, kwa mkono wa mfasiri mwingine, "milioni elfu". Wafasiri wote wawili walikuwa sahihi. Hata hivyo msomaji mmoja katika kikao aliamini kwamba waraka ulizungumzia fedha za aina mbili, akataka aelezwe tofauti yake. Muda uliotumika kumweleza kwamba hapakuwa na tofauti yoyote ulikuwa mrefu kuliko ule wa kujadili fedha zenyewe.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza: Kiswahili kinaweza kuibeba namba kubwa hadi wapi bila kuyumba? Njia nzuri ya kujibu swali la namna hii si kuorodhesha istilahi mia, bali kuchukua namba moja na kuieleza mpaka mwisho. Nimeichagua 2,147,483,647 kwa sababu ina historia ndefu katika hisabati, na kwa sababu imo ndani ya kompyuta nyingi zinazotunza kumbukumbu za ofisi zetu, ingawa wanaozitumia hawaioni.

2.0 Kuitaja namba

Kwa mazoea ya Tanzania na Kenya namba hii husomwa: bilioni mbili, milioni mia moja na arobaini na saba, elfu mia nne na themanini na tatu, mia sita na arobaini na saba. Msomaji azingatie alama za mkato zilizomo katika sentensi hiyo. Zikiondolewa, maana inalegea.

Sababu ni neno dogo "na". Katika Kiswahili neno hili huunganisha tarakimu zilizomo ndani ya fungu moja (arobaini na saba) na huunganisha pia fungu moja na jingine (elfu mbili na hamsini). Kwa hiyo "elfu mia nne na themanini na tatu" inaweza kusikika kuwa 483,000, na inaweza kusikika kuwa 400,083. Vivyo hivyo, "milioni mia moja na arobaini na saba" ni 147,000,000 kwa msikilizaji mmoja na 100,000,047 kwa mwingine. Kila mwalimu wa darasa la tatu anaujua mfano mdogo wa tatizo hili: "elfu ishirini na tano" ni 25,000 au 20,005?

Wazungumzaji wana njia zao za kujinasua. Wapo wanaotanguliza idadi mbele ya kipimo, wakasema "ishirini na tano elfu". Wapo wanaotumia laki, neno lililotufikia kutoka Bara Hindi kwa njia ya biashara, wakasema "laki nne, themanini na tatu elfu". Njia hii ya pili ni ya sokoni zaidi kuliko ya ofisini, lakini kwa uwazi inaishinda lugha ya ofisini. Binafsi sioni kwa nini laki ifukuzwe katika maandishi rasmi huku ikiwa inatumika kila siku kutaja bei za ng'ombe na viwanja.

Tatizo la pili ni jina la kipimo chenyewe. Aliyesomea katika mfumo wa Kifaransa, yaani wengi wa wenzetu wa Burundi na wa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, huita milioni elfu *milliard*, na kwake *billion* ni milioni mara milioni, yaani 1 ikifuatwa na sufuri 12. Aliyesomea katika mfumo wa Kiingereza huita milioni elfu bilioni. Tofauti hii si ya Waafrika peke yao. Uingereza yenyewe ilikuwa ikitumia neno hilo kwa maana ya milioni mara milioni, hadi serikali yake ilipotangaza mwaka 1974 kwamba takwimu rasmi zingefuata maana ya Marekani. Kiswahili kilichukua neno bila kuchukua ugomvi wake. Sasa ugomvi huo umekifuata nyumbani, kwa kuwa Kiswahili ni miongoni mwa lugha rasmi za Jumuiya ya Afrika Mashariki pamoja na Kiingereza na Kifaransa, na Kongo ni mwanachama tangu 2022. Mfasiri akiliona neno la Kifaransa *billion* na kuliandika "bilioni", amekosea mara elfu moja, na hakuna kosa la sarufi litakaloonekana.

Tatizo la tatu halisikiki, linaonekana tu. Dodoma na Nairobi mkato hutenga maelfu na nukta hutenga desimali. Katika maandishi yanayofuata Kifaransa, mkato ndio unaotenga desimali, na maelfu hutengwa kwa nafasi au kwa nukta. Hivyo "2,147" ni elfu mbili mia moja arobaini na saba kwa msomaji mmoja, na ni mbili na sehemu ndogo kwa msomaji mwingine. Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani wa mwaka 2003 ulikubali nukta au mkato kwa desimali, na kurudia kwamba mafungu ya tarakimu tatu yatengwe kwa nafasi tupu. Namba yetu ingeandikwa 2 147 483 647, na hakuna pande mbili ambazo zingeisoma kwa maana tofauti. Makala haya yanatumia mkato kwa kuwa ndio mazoea ya mabuku ya Kiswahili, lakini mwandishi hajaona sababu ya kuutetea.

3.0 Shufwa, witiri na tasa

Namba nzima inayogawanyika kwa mbili bila baki huitwa shufwa. Isiyogawanyika huitwa witiri. Istilahi hizi mbili zina asili ya Kiarabu, nazo hutajwa pamoja katika Surat Al-Fajr. Neno witiri linajulikana hata kwa asiyepita shuleni, kwa sababu ya sala ya witiri, ambayo rakaa zake si shufwa. Hii ni mojawapo ya mahali ambapo istilahi ya hisabati haikutungwa na kamati, bali ilikutwa tayari ikiwa kinywani mwa watu. Namba yetu inaishia na 7. Kwa hiyo ni witiri.

Sifa ya pili ni kubwa zaidi: namba yetu ni tasa. Namba tasa ni namba nzima iliyo kubwa kuliko 1, ambayo vigawo vyake ni viwili tu, yaani 1 na yenyewe. Hapa inafaa tukumbushane tofauti ya irabu moja ambayo imewasumbua wanafunzi wengi: kigawo ni namba inayogawanya nyingine bila baki, na kigawe ni namba inayopatikana kwa kuzidisha. Tatu ni kigawo cha kumi na mbili. Kumi na mbili ni kigawe cha tatu. Katika vitabu vya shule za msingi za Tanzania, ambako hisabati hufundishwa kwa Kiswahili katika shule za umma, tofauti hii ndiyo inayotenga KKS, yaani Kigawo Kikubwa cha Shirika, na KDS, yaani Kigawe Kidogo cha Shirika. Ni uundaji wa istilahi wa kiuchumi sana, na labda ni wa kiuchumi kupita kiasi kwa darasa la watoto sabini.

Neno "tasa" linastahili kutazamwa kwa karibu. Wagiriki waliita namba hizi "za kwanza", na Waarabu na Wazungu wakafuata sitiari hiyohiyo. Kiswahili hakikuifuata. Kilichukua sitiari ya uzazi: namba tasa ni ile isiyozaa, kama mti usiotoa matunda. Kwa anayeanza kujifunza, picha hii inafanya kazi vizuri, kwa sababu ukiigawa namba hiyo hupati kitu kipya. Lakini ukienda mbele kidogo picha inageuka. Kila namba nzima iliyo kubwa kuliko 1 ama ni tasa, ama ni zao la namba tasa, na zao hilo ni la namna moja tu ukiacha mpangilio. Sitini ni 2 × 2 × 3 × 5 na haiwezi kuundwa kwa namba tasa nyingine zozote. Kwa maana hiyo namba tasa ndizo wazazi wa namba zote, na lugha yetu imewaita wazazi hao wagumba.

Sipendekezi istilahi ibadilishwe. Imekwisha kukaa, na istilahi iliyokaa ina thamani kuliko iliyo bora isiyojulikana. Ninachopendekeza ni kwamba vitabu vya kiada viseme wazi kwamba utasa huu ni wa kugawanyika, si wa kuzidishwa. Sentensi moja ingetosha.

4.0 Ilivyothibitishwa kuwa tasa

Namba yetu ni sawa na 2³¹ − 1, yaani mbili ikizidishwa kwa yenyewe hadi kipeo cha 31, kisha ikaondolewa moja. Namba za umbo hili huitwa namba za Mersenne, kwa jina la Marin Mersenne, mtawa Mfaransa aliyeishi kati ya 1588 na 1648. Ili namba ya namna hii iwe tasa ni lazima kipeo chenyewe kiwe tasa, lakini hilo peke yake halitoshi: 11 ni tasa, ilhali 2¹¹ − 1 ni 2,047, ambayo ni 23 × 89.

Historia ya kipeo cha 31 ni ya kubahatisha iliyofuatwa na kazi. Mwitaliano Pietro Cataldi, aliyethibitisha kwa haki vipeo vya 17 na 19, alidai pia kwamba vipeo vya 23, 29, 31 na 37 vinatoa namba tasa. Alipatia kimoja tu kati ya hivyo vinne. Fermat alionyesha kwamba 47 inagawanya 2²³ − 1 na kwamba 223 inagawanya 2³⁷ − 1; Euler akaonyesha kwamba 233 inagawanya 2²⁹ − 1. Mersenne naye alitoa orodha yake mwaka 1644, akakiweka kipeo cha 31 humo, pamoja na 67 na 257 ambavyo havistahili, akaviacha 61, 89 na 107 vinavyostahili.

Aliyemaliza shaka ni Leonhard Euler, mwaka 1772, akiwa St Petersburg na macho yake yakiwa yamekaribia kupofuka kabisa. Njia yake inaelezeka kwa Kiswahili bila shida. Ili kujua kama namba ni tasa, inatosha kujaribu vigawo vilivyo vidogo kuliko kipeuo chake cha pili. Kipeuo cha pili cha namba yetu ni 46,340 na sehemu kidogo. Chini ya hapo kuna namba tasa zinazokaribia 4,800. Kuzijaribu zote kwa kalamu ni kazi ya kuchosha mtu mwenye macho mazima.

Euler alitumia kanuni mbili. Ya kwanza inasema kwamba kigawo chochote kilicho tasa cha 2³¹ − 1 kikigawanywa kwa 62 lazima kibakize 1. Ya pili inasema kwamba kigawo hicho kikigawanywa kwa 8 lazima kibakize 1 au 7. Ukiziunganisha kanuni hizo, vinabaki vigawo vya aina mbili tu: vile ambavyo vikigawanywa kwa 248 hubakiza 1, na vile vinavyobakiza 63. Chini ya 46,340, ukiiacha 63 yenyewe ambayo si tasa, namba za aina hizo ni 372. Nyingi kati ya hizo huanguka zenyewe: 249 ni 3 × 83, 497 ni 7 × 71, 559 ni 13 × 43. Ya kwanza inayostahili kujaribiwa ni 311. Ukiigawa namba yetu kwa 311 inabaki 35. Inayofuata ni 1,303, kisha 1,489. Euler alizipitia mpaka mwisho na hakuna iliyogawanya.

Nimekaa juu ya hatua hizi kwa makusudi. Katika mijadala kuhusu lugha ya kufundishia husikika mara kwa mara kwamba Kiswahili kinafaa kwa hisabati ya kuhesabu machungwa, na kwamba uthibitisho unahitaji lugha nyingine. Aya mbili zilizotangulia zina kigawo, kipeo, kipeuo cha pili, baki na namba tasa. Hakuna neno hata moja lililotungwa kwa ajili ya makala haya.

5.0 Kamili na kamilifu

Mahali ambapo istilahi zinahitaji uangalifu ni hapa. Katika vitabu vingi "namba kamili" ni zile zinazojumuisha namba nzima pamoja na hasi zake. "Namba kamilifu" ni kitu kingine kabisa: ni namba iliyo sawa na jumla ya vigawo vyake vyote isipokuwa yenyewe. Sita ni kamilifu, kwa kuwa 1 + 2 + 3 = 6. Ishirini na nane nayo ni kamilifu, kwa kuwa 1 + 2 + 4 + 7 + 14 = 28. Silabi moja ya mwisho ndiyo inayotenga dhana ambayo kila namba hasi imo ndani yake na dhana ambayo wanachama wake ni wachache mno. Katika matini iliyopigwa chapa haraka, silabi hiyo hupotea. Ushauri wangu ni kwamba mwandishi anayezungumzia namba kamilifu alieleze neno hilo kila linapotokea mara ya kwanza, hata akiona kwamba anajirudia.

Namba yetu si kamilifu, na hakuna namba tasa inayoweza kuwa kamilifu, maana kigawo chake pekee kinachohesabiwa ni 1. Lakini inazaa namba kamilifu. Euclid alithibitisha kwamba kila namba tasa ya umbo la Mersenne ina namba kamilifu yake, na Euler akathibitisha kwamba kila namba kamilifu iliyo shufwa hupatikana kwa njia hiyo. Namba yetu, ambayo ni ya nane kati ya namba tasa za Mersenne, ikizidishwa kwa 2³⁰ inatoa 2,305,843,008,139,952,128, namba kamilifu ya nane. Kwa jina la utasa tulilompa mzazi wake, mtoto huyu ni wa ajabu. Kuhusu namba kamilifu zilizo witiri, hakuna aliyewahi kuipata hata moja, na hakuna aliyethibitisha kwamba hazipo.

Mwaka 1811 Mwingereza Peter Barlow aliitaja namba hiyo kamilifu katika kitabu chake, akakisia kwamba huenda ndiyo kubwa kuliko zote zitakazowahi kugunduliwa, kwa sababu namba hizo ni za kuridhisha udadisi tu, hazina faida. Alikosea kuhusu ugunduzi: mwezi Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa ya Mersenne yenye tarakimu 41,024,320. Kuhusu faida tutaona katika sehemu ifuatayo.

Makundi mengine nitayapitia haraka. Namba yetu haina pacha: ya juu yake kwa hatua mbili, 2,147,483,649, inagawanyika kwa 3, na ya chini, 2,147,483,645, inagawanyika kwa 5. Ikigawanywa kwa 8 inabakiza 7. Kwa hiyo haiwezi kuandikwa kuwa jumla ya vipeo vya pili vitatu, ni lazima viwe vinne. Kipeo chake, 31, nacho ni namba tasa ya Mersenne. Wapo waliotumaini kwamba ngazi hiyo ingeendelea na kwamba 2 kwa kipeo cha 2,147,483,647, ukiondoa moja, ingekuwa tasa pia. Haikuwa hivyo, inagawanyika kwa 295,257,526,626,031.

6.0 Namba katika kompyuta za ofisi

Kompyuta huandika kila namba kwa tarakimu mbili tu, 0 na 1. Kwa mfumo huo 2,147,483,647 ni tarakimu 31 za 1 zilizopangwa mfululizo. Programu nyingi zilitengewa nafasi 32 kwa kila namba nzima, na nafasi moja ikachukuliwa na alama ya kuonyesha chanya au hasi. Zilizobaki ni 31, na zikijaa zote, namba yetu ndiyo inayopatikana. Ukiongeza moja, katika mashine nyingi jawabu huruka na kuwa −2,147,483,648.

Desemba 2014 YouTube ilieleza kwamba wimbo "Gangnam Style" ulikuwa umetazamwa mara nyingi kupita kikomo hicho, na kihesabio kililazimika kupanuliwa. Huo ulikuwa mchezo. Kwa washauri wa sera jambo zito ni fedha. Shilingi ya Uganda, shilingi ya Tanzania, faranga ya Burundi na faranga ya Kongo ni sarafu ambazo bilioni mbili si kiasi cha kushangaza katika bajeti ya wilaya au ya hospitali kubwa. Programu iliyoundwa kwa dola, ambayo hutunza kiasi kwa senti katika nafasi 32, hufika kikomo kwa dola 21,474,836.47, jambo ambalo aliyeiunda huenda hakulitarajia kutokea katika ofisi ndogo. Programu hiyohiyo ikiletwa kwetu bila kubadilishwa hufika kikomo mapema. Mikataba ya ununuzi wa mifumo inapaswa kuuliza swali hili kwa maneno yanayoeleweka, na maneno hayo yapo: kiasi kikubwa kabisa kinachoweza kutunzwa ni kipi, na kikizidi, nini hutokea?

Swali la pili ni la wakati. Mifumo mingi huhesabu muda kwa sekunde kuanzia mwanzo wa mwaka 1970. Kwa ile inayotumia nafasi 32, sekunde ya 2,147,483,647 itatimia Jumanne tarehe 19 Januari 2038, saa 03:14:07 kwa majira ya kimataifa. Dar es Salaam, Nairobi na Kampala itakuwa saa kumi na mbili na dakika kumi na nne asubuhi. Bujumbura na Kigali, saa kumi na moja na dakika kumi na nne alfajiri. Kinshasa, saa kumi na dakika kumi na nne. Sekunde moja baadaye, mfumo ambao haujarekebishwa utarudi nyuma na kuandika tarehe 13 Desemba 1901. Hati za ardhi na mikopo ya muda mrefu inayotolewa leo tayari ina tarehe za mwisho zinazopita siku hiyo, na kwa hiyo ukaguzi hauwezi kusubiri 2037. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ingeweza kuanza na sehemu iliyo yake: kukubaliana juu ya bilioni na *milliard*, juu ya nafasi badala ya mkato, na juu ya mkato unaotenga fungu na fungu pale namba inapoandikwa kwa maneno. Kurekebisha nafasi 32 ziwe 64 ni kazi ya mafundi, lakini maelekezo watakayopewa yataandikwa katika lugha fulani, na baadhi ya ofisi zitayaandika kwa Kiswahili.